Memori kadi inagoma kwenye redio au kitochi? Hizi ndizo sababu na namna ya kuirekebisha

Redio inawaka, taa ya bluu inapepesa, kioo kidogo kinaonyesha namba mbili tatu, halafu kimya. Memori kadi hiyohiyo ikichomekwa kwenye simu janja, nyimbo zote 300 zipo na zinapiga vizuri tu. Mwenye redio anarudi kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo, fundi anajaribu kwenye kompyuta yake, inafunguka. Hapo ndipo ubishi unapoanza.

Sumbawanga mjini tatizo hili linaweza kumalizika kwa kuvuka barabara. Lakini kwa aliyetoka Laela, Matai au Namanyere kuja kuingiza nyimbo, au aliyepanda kutoka Mtowisa kule bonde la Ziwa Rukwa, kugundua nyumbani kwamba kadi haisomi maana yake ni nauli nyingine na siku nyingine ya shamba imepotea. Mara nyingi kadi sio mbovu na redio sio mbovu. Vimeshindwa kuelewana tu.

Kama ndani kuna kitu cha maana, usifomati

Hili litangulie kabla ya yote. Simu au kompyuta ikikutana na kadi isiyoielewa, hutoa ujumbe wa kuomba kuifomati. Watu wengi hubonyeza kukubali kwa sababu ndilo jibu linaloonekana kirahisi. Kama kadi ina nyimbo tu, hasara ni ndogo. Kama ina picha za harusi, mazoezi ya kwaya yaliyorekodiwa parokiani, au sauti ya mzazi ambaye hayupo tena, kubonyeza huko kunaweza kuwa ndio mwisho wake.

Kadi ya namna hiyo ichomolewe kwanza, isiandikwe kitu chochote kipya, ijaribiwe kwenye kifaa kingine. Ikifunguka mahali popote, hata kwa shida, mafaili yanakiliwa kwenda kwenye kompyuta au simu kabla ya kugusa kingine. Marekebisho yote yanayofuata hapa chini yafanyike baada ya hapo.

Kinachogombanisha kadi na redio

Memori kadi ina mpangilio wa ndani unaokiambia kifaa faili gani liko wapi. Mpangilio wa zamani unaitwa FAT32. Mpya zaidi, uliotolewa na Microsoft mwaka 2006, unaitwa exFAT. Simu janja nyingi na kompyuta za sasa zinasoma yote mawili. Redio za bei nafuu, sabufa, na vitochi vingi vinajua FAT32 peke yake. Ukivipa exFAT ni sawa na kumpa mtu barua ya lugha asiyoijua: ataona karatasi, hataona maneno.

Ukubwa wa kadi ndio unaoleta ugomvi huu. Kwa kanuni za watengenezaji, kadi hadi GB 2 ni kundi la kwanza. Kuanzia hapo hadi GB 32 ni kundi linaloandikwa SDHC, lililoanza mwaka 2006, nalo hutoka kiwandani likiwa na FAT32. Zinazozidi GB 32 ni SDXC, la mwaka 2009, nalo hutoka na exFAT. Herufi hizo zimeandikwa juu ya kadi yenyewe, kwa maandishi madogo sana.

Kwa hiyo mtu aliyezoea kadi ya GB 8, akaona GB 64 inauzwa kwa bei nzuri akanunua, amebadilisha zaidi ya ukubwa. Amehamia lugha nyingine.

Kuna tofauti moja ambayo hata mafundi huichanganya. Redio iliyotengenezwa kwa SDHC mara nyingi inaweza kusoma kadi ya GB 64 ikishafomatiwa upya kwa FAT32. Lakini kifaa cha zamani kabisa, kilichotengenezwa kwa kadi za mwisho GB 2, hakitasoma kadi ya GB 4 wala 8 hata ukiifomati mara kumi. Hapo tatizo liko kwenye kifaa chenyewe, na dawa ni kutafuta kadi ndogo. Kadi za GB 1 na 2 madukani zimekuwa adimu, lakini kwenye makopo ya mafundi simu bado zinaokotwa.

Huko ng'ambo wapo watu wanaofufua kompyuta za kale kama Commodore 64 ya mwaka 1982 na Amiga 1200 ya mwaka 1992. Disketi zao zimekufa, kwa hiyo wanachomeka kifaa kidogo kinachosoma kadi badala ya disketi. Nao wanalia kilio hikihiki: kadi kubwa mpya haionekani, ile ndogo ya zamani inaonekana. Tanzania, ambayo ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, haikuwa na mashine hizo majumbani. Uzee wa vifaa unaonekana kwenye kitochi, kwenye redio ya sokoni, na kwenye kompyuta ya steshenari ambayo bado inaendeshwa na Windows XP.

Na hiyo XP nayo ina lake: peke yake haitambui exFAT. Hadi iongezewe kiraka maalumu cha Microsoft, itasema kadi haijafomatiwa, ambapo kadi ni nzima kabisa.

Kuirudisha kwenye FAT32

Kama kadi ni GB 32 au chini, kazi ni fupi. Kwenye kompyuta, bofya kadi kwa kitufe cha kulia, chagua kufomati, chagua FAT32, maliza. Simu janja nayo huweza, na nyingi zikipewa kadi ya GB 32 au chini huiwekea FAT32 zenyewe. Kitochi chenye sehemu ya kufomati kadi kwenye menyu yake ni bora zaidi, maana kitaandika mpangilio kinaouelewa chenyewe. Ifomatiwe humo, halafu ndio ipelekwe kuingizwa nyimbo.

Kadi ya GB 64 na kuendelea inasumbua kwa sababu dirisha la kufomati la Windows, karibu kwa matoleo yote yaliyozoeleka, halitoi chaguo la FAT32 ikishapita GB 32. Fundi mwenye kompyuta anaweza kupita njia ya amri. Anafungua diskpart, anaandika list disk aone namba ya kadi, anaandika select disk na namba hiyo, kisha clean, kisha create partition primary size=30000, kisha format fs=fat32 quick, na mwisho assign. Hapo kadi ya GB 64 itaonekana kama ya karibu GB 29, na redio itaikubali. Nafasi iliyobaki inalala bure, lakini kwa kazi ya nyimbo GB 29 ni bahari.

Tahadhari kwenye namba ya diski. Ukichagua namba ya diski ya kompyuta badala ya kadi, amri ya clean inafuta mpangilio wa kompyuta nzima bila kuuliza mara ya pili. Angalia ukubwa ulioandikwa pembeni: diski ya kompyuta itakuwa na mamia ya GB, kadi itakuwa na makumi.

Hesabu ya haraka kwa anayejiuliza anahitaji kadi gani: wimbo wa MP3 wa ubora wa kawaida wa kbps 128 hula karibu MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni kama MB 4. Kadi ya GB 8 inabeba takribani nyimbo 2,000. Redio ya kusindikiza palizi shambani haihitaji zaidi ya hapo.

Kadi inasoma, nyimbo zinarukwa

Hapa kesi ni nyingine. Redio imeitambua kadi, inapiga nyimbo tatu, inaruka ya nne, inakwama ya kumi. Chanzo kikubwa ni aina ya faili.

Redio nyingi zinajua MP3, na labda WAV. Sauti zinazopakuliwa kwa programu za simu mara nyingi ni M4A. Sauti ya kurekodi ya WhatsApp ni opus. Simu inapiga zote bila kulalamika, ndiyo maana mwenye simu hajui tofauti mpaka azipeleke kwenye redio.

Wapo wanaobadilisha jina la faili, wanafuta m4a mwishoni wanaandika mp3, wakidhani wamemaliza. Kubadilisha jina ni kubadilisha lebo ya chupa. Kilichomo ndani ni kilekile. Baadhi ya programu za kupakulia zinafanya ujanja huohuo kimyakimya. Ukitilia shaka, fungua faili kwa VLC kwenye simu na uangalie taarifa zake. Ikisomeka AAC, hiyo si MP3 hata jina liseme nini. Kuligeuza kweli kunahitaji programu, na VLC ya kompyuta inafanya kazi hiyo bure.

Kwa video kwenye kitochi, shida ni kubwa zaidi. Kioo chake ni kidogo na nguvu yake ni ndogo. Video ya MP4 iliyokaa sawa kwenye simu janja huandika tu kwamba faili haliwezi kufunguliwa. Inatakiwa ipunguzwe, mara nyingi hadi 3GP au MP4 ya vipimo vya 320 kwa 240 kushuka chini. Vibanda vya siku nyingi wanaijua hii vizuri, maana walianza biashara kwa video za namna hiyo.

Majina marefu nayo yana kesi yake. Wimbo uliopakuliwa mtandaoni unaweza kuwa na jina la mstari mzima, lenye alama za emoji na mabano. Redio ndogo zingine zinajikwaa hapo. Jina fupi la herufi na namba za kawaida linatosha.

Kuhusu mpangilio wa nyimbo: kuna wanaolalamika kwamba wameandika 01, 02, 03 lakini redio inaanza na 17. Redio nyingi za bei nafuu hazisomi kwa alfabeti. Zinapiga kwa kufuata jinsi mafaili yalivyoandikwa kwenye kadi. Aliyetaka nyimbo za misa zifuatane, mwanzo hadi mwisho, afute zote kisha azikopi upya moja baada ya nyingine kwa mpangilio anaoutaka. Kwa nyimbo 20 inachosha kidogo. Kwa 500, bora kuzigawa kwenye folda.

Folda zimegeuka vishale

Huu ni ugonjwa wa steshenari. Kadi au flashi imechomekwa kwenye kompyuta ya kuchapishia, ikirudi nyumbani folda zote zimegeuka njia za mkato zenye kishale kidogo, na redio inasema hakuna wimbo. Mwenye nacho anadhani vitu vimefutwa.

Mara nyingi havijafutwa. Kirusi kimeficha folda halisi na kuweka za bandia. Dalili ni kwamba kadi inaonekana imejaa lakini ndani hakuna kitu. Kwenye simu ya Android, programu ya mafaili ikiruhusiwa kuonyesha vilivyofichwa, folda hujitokeza, na kirusi hicho cha Windows hakiwezi kufanya kazi kwenye simu. Hiyo ndiyo njia salama ya kuokoa: nakili kwenda kwenye simu, kisha fomati kadi.

Kwenye kompyuta safi, amri ni attrib -h -r -s /s /d ikifuatiwa na herufi ya kadi, mfano E:\*.* na vitu vinarudi kuonekana. Baada ya hapo vile vishale vifutwe bila kubofywa. Kubofya kimoja ni kukiamsha kirusi upya.

GB 128 ya bei ya kutupa

Kadi feki zipo kila mji na Sumbawanga sio kisiwa. Mbinu yake ni hii: ndani kuna chipu ya GB 8, lakini kadi imefundishwa kujitambulisha kama GB 128. Simu inaamini. Mtu anaingiza nyimbo, zinaingia. Zikishapita GB 8 za kweli, kadi inaanza kuandika juu ya zile za mwanzo au kuzitupa tu. Ujumbe wa kosa hautokei. Wiki moja baadaye nyimbo za zamani zinapiga kimya, picha zinafunguka nusu zikiwa na rangi ya kijivu, na folda zina majina ya alama zisizosomeka.

Lakini usimshike mwenye duka shati kwa sababu kadi ya GB 8 inaonyesha 7.4, au ya 32 inaonyesha 29.8. Hiyo ni hesabu. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Haijaibiwa.

Kipimo cha uhakika ni kuijaza kadi yote kisha kuisoma tena. Kwenye Windows programu inayofanya hivyo ni H2testw, na kwenye Linux ni F3. Zote ni za bure. Inachukua muda: kadi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde inahitaji karibu saa mbili kwa kuandika tu. Asiye na kompyuta ajaze kadi mpya kwa video kubwa kutoka kwenye simu, aichomoe, aichomeke tena, afungue video za mwanzo, za kati na za mwisho. Zikikwama za mwanzo au za mwisho, arudi dukani siku hiyohiyo, na risiti iwe mfukoni.

Ikibainika kuwa ni feki na duka limekataa, sio lazima itupwe. Kama kipimo kimeonyesha kuna GB 8 za kweli, ile njia ya diskpart inaweza kuikata kadi iwe na size=7000. Itatumika kwa nyimbo za redio. Picha za familia zisiwekwe humo.

Inakataa kuandika

Ujumbe unasema kadi imefungwa, haiandikiki. Kama ipo ndani ya adapta kubwa, angalia kitelezi kidogo cha ubavuni. Kikishuka kuelekea chini, imefungwa. Adapta zilizolegea kitelezi hujifunga zenyewe zinapochomekwa, na kipande cha selotepu kinatosha kukishikilia.

Kama sio kitelezi, kuna dalili moja mbaya: unafuta nyimbo zote, unachomoa, unachomeka, zimerudi. Unafomati, inasema imefanikiwa, nyimbo bado zipo. Hiyo ni kadi iliyofika mwisho wa maisha yake. Chipu ikichoka, kadi nyingi hujifunga zisiandike tena ili angalau zisomeke. Hakuna fundi wa kuirudisha. Nakili vilivyomo, nunua nyingine.

Kadi isiyoonekana kabisa popote inaweza kuwa chafu tu. Vumbi la kiangazi na mafuta ya vidole hukaa kwenye vile vidole vya shaba. Kifutio cha penseli kikisuguliwa taratibu, kisha kitambaa kikavu, husaidia kuliko kupuliza kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu.

Umeme ukikatika katikati

Mkoa wa Rukwa kwa miaka mingi umetegemea umeme unaonunuliwa Zambia, na katizo sio habari mpya. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ikizimika wakati nyimbo zinanakiliwa, kadi inabaki na orodha isiyolingana na vilivyomo. Kuchomoa kadi ghafla kabla ya kuiondoa kwa utaratibu kuna madhara yaleyale. Kwa kazi hii laptopu yenye betri nzima ni salama kuliko kompyuta ya mezani.

Ikishatokea, Windows ina zana ya kukagua makosa kwenye sifa za kadi. Vipande vinavyookotwa huwekwa kwenye folda ya FOUND.000. Kwenye Android huwekwa LOST.DIR, mafaili yakiwa na namba tupu bila jina. Wengi hufuta folda hiyo wakidhani ni takataka. Kabla ya kuifuta, jaribu kuongeza .jpg au .mp3 mwishoni mwa jina la faili moja moja. Picha iliyodhaniwa imepotea huweza kufunguka.

Kwa kadi iliyokwisha kufomatiwa kimakosa, PhotoRec ni programu ya bure ya kompyuta inayochimba picha, sauti na video zilizobaki. Majina ya mwanzo hayarudi, na inafanya kazi tu kama hakuna kilichoandikwa juu yake. Vilivyookolewa vihifadhiwe kwenye kompyuta, sio kwenye kadi ileile.

Kuna kadi moja ambayo hata PhotoRec haisaidii. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, baadhi ya simu hutoa chaguo la kuifanya kadi kuwa hifadhi ya ndani. Ukikubali, simu inafomati kadi na kuifunga kwa ufunguo uliomo kwenye simu hiyo tu. Ukiichomeka kwenye redio, haisomi. Ukiichomeka kwenye kompyuta, inaomba kufomatiwa. Simu ikifa au ikiibiwa, vilivyomo vimekwenda nayo. Kadi inayozunguka kati ya simu na redio iwekwe kama hifadhi ya kubebeka.

Kabla ya kuondoka kibandani

Wateja wengi wa vibanda hubeba kadi tu na kuacha redio nyumbani. Kwa anayetoka mbali, ibebwe redio yenyewe, au kitochi chenyewe, na kiwe na chaji. Kadi ikishaingizwa nyimbo, ichomekwe humo palepale: upigwe wimbo wa kwanza, mmoja wa katikati, na wa mwisho. Redio izimwe, iwashwe tena, ipigwe tena. Ikigoma, fundi aulizwe swali moja kabla ya kitu kingine chochote: imefomatiwa kwa nini?